Mwana Arudiye Kwao: Kitabu cha "Mashimo ya Mfalme Sulemani" Katika Nyumba ya Mkristo

Kitabu kiitwacho "Mashimo ya Mfalme Sulemani" chajulikana na walimu wengi wa nchi hii, hasa wale waliosoma zamani, maana kilikuwa mojawapo ya hadithi za kwanza za Kizungu zilizotiwa katika Kiswahili na kusomwa shuleni. Aliyekifasiri ni Bwana Frederick Johnson, nacho kilitoka mwaka 1929. Kwa Kiingereza kilitungwa na Henry Rider Haggard, aliyekaa Natal na Transvaal katika ujana wake, kikapigwa chapa London mwaka 1885, zamani za Malkia Victoria. Yasemwa kwamba Haggard alishindana na ndugu yake kwa shilingi tano, ya kuwa ataweza kuandika hadithi nzuri kama "Kisiwa chenye Hazina" ya Robert Louis Stevenson. Kama ndivyo, shilingi zile zilizaa sana.

Watoto hukipenda kwa sababu ya vita, majabali na almasi. Lakini yamo mambo mengine ambayo wazee wa nyumba na walimu yawapasa kuyaangalia kabla ya kumpa mtoto kitabu hiki: habari ya ndugu waliogombana kwa urithi, habari ya mtumishi aliyekuwa mwana wa mfalme, na maneno makali ambayo mfalme yule aliyasema juu ya watu wa sala. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba akisoma na darasa lake kwa Kiingereza huuruka ukurasa wenye maneno hayo, asije akawakwaza watoto wa Kikristo. Mimi naona heri ausome kwa sauti kubwa, nami nitaeleza sababu.

Kwanza habari ya urithi, kwa kuwa safari yote yaanza hapo, wala haianzi na almasi. Bwana Henry Curtis na mdogo wake George waligombana. Baba yao akafa bila kuandika wasia, na kwa sheria ya Kiingereza ya siku zile ardhi yote ikamwangukia mkubwa. Mdogo akabaki mikono mitupu. Mkubwa angaliweza kumpa kitu, lakini kwa sababu ya ugomvi ule akanyamaza, akingoja mwenzake aje kuomba. George hakuja. Akabadili jina lake, akaenda Afrika ya Kusini kutafuta mali, habari zake zikapotea. Ndipo moyo wa mkubwa ulipoanza kumchoma.

Sisi Wachagga hatuhitaji kufasiriwa mambo haya. Kwa desturi ya wazee, kihamba cha nyumbani ni cha kitinda mimba, na kifungua mimba hupewa chake mapema aoapo. Wa katikati ndio walioambiwa, haya, katafuteni. Zamani palikuwako mahali pa kutafuta. Leo Kirua, Kilema na Marangu migomba imegusana, mpaka kwa mpaka, na wa katikati hushuka Moshi mjini, au huenda Arusha na Dar es Salaam, nao hurudi mwezi wa Desemba kwa Noeli. Wengine hawarudi. Mashauri mangapi yaletwayo mbele ya wazee wa kanisa ni mashauri ya kihamba, yakiwa yamevaa nguo nyingine! Husemwa ni ulevi, husemwa ni maneno ya wake, na ukichimba chini wakuta alama ya mpaka iliyosogezwa hatua mbili.

Kwetu aliyekosa huchukua jani la isale akamwendea aliyemkosea, na mtu akiletewa jani lile ni vigumu sana kumfukuza aliyelileta. Bwana Henry hakuwa na isale. Alikuwa na fedha. Alisafiri toka Uingereza mpaka Durban, akamtafuta mwindaji wa tembo aitwaye Allan Quatermain aliyekuwa na habari kidogo za nduguye, akatoka kumfuata katika jangwa ambalo watu waliliingia wasirudi. Asome hayo kila mkubwa aliyeketi barazani akisema, "Kama ananitaka, na aje yeye."

Quatermain huyu si mtakatifu. Kabla ya kukubali kwenda alitaka alipwe paundi 500, tena mapatano yaandikwe kwamba akifa au akilemaa, mwanawe Harry atapewa paundi 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Harry alikuwa London akisomea udaktari katika hospitali ya Guy's. Wako wasomaji wamwonao Quatermain kuwa mtu wa tamaa. Mimi nadhani maneno hayo ya mkataba ni katika maneno yaliyo bora ya kitabu kizima. Mzee wa miaka 55, ajuaye kwamba wawindaji wa tembo hawaishi sana, apima maisha yake yamebaki kiasi gani, na kiasi hicho akiuza apate kumsomesha mwana. Wazazi wa mlimani waliobeba magunia ya kahawa mpaka kwenye chama, tangu Chama cha Ushirika cha K.N.C.U. kilipoanzishwa mwaka 1933, wakatoka na fedha iliyokuwa tayari imekwisha kuhesabiwa kwa ada ya shule, watamfahamu upesi.

Tena wako watumishi, ambao mtungaji awapita kwa haraka. Kijana Khiva, Mzulu, alipomwona Bwana Good ameanguka mbele ya tembo mwenye hasira, hakukimbia. Akamtupia tembo mkuki, naye tembo akamgeukia akamrarua. Ventvögel, Mhotentoti, ndiye aliyeinusa maji jangwani wakati wengine walipokuwa wakingoja kufa kwa kiu. Akafa kwa baridi usiku, pangoni, juu ya mlima wenye theluji. Na Jim, mtumishi wa George, alikaa na bwana wake miaka karibu miwili katika mahali penye maji jangwani, mguu wa George ukiwa umepondwa na jiwe, wala hakumwacha. Mwisho wa safari almasi ziligawanywa mafungu matatu: moja la Quatermain, moja la Good, na moja, kwa kuwa Bwana Henry alikataa kulipokea, likapewa George. Jim hana fungu katika mgawo ule. Watu wa Vunjo, ambao wana wao huwabebea wageni mizigo mpaka penye barafu ya Kibo, wana haki ya kuuliza habari ya Jim.

(Kuhusu theluji, neno moja la kupita. Mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848, mwanachuoni mmoja wa London, Desborough Cooley, alikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini Wachagga walimsimulia Rebmann kwamba mfalme mmoja wa Machame alikuwa amekwisha kutuma watu kuichunguza ile fedha nyeupe, wakafa kwa baridi, akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika. Kwa hiyo kifo cha Ventvögel si cha ajabu kwetu.)

Sasa nije kwa Umbopa, maana yeye ndiye mtu mkuu wa kitabu, ijapokuwa mtungaji ameweka wengine mbele. Alikuja kuomba kazi ya kufuatana nao, wala hakutaka mshahara. Quatermain alikuwa amekwisha kumwona siku ya kuamkia vita ya Isandhlwana, Januari 1879, akakumbuka kwamba alikuwa mtu wa akili. Alisema tu ya kuwa kabila lake lako mbali upande wa kaskazini, naye ataka kwenda. Walipofika nchi ya Wakukuana ndipo alipojifunua: jina lake Ignosi, mwana wa mfalme Imotu aliyeuawa na ndugu yake pacha, Twala. Mama yake alikimbia naye akiwa mtoto mdogo, wakavuka milima na jangwa. Alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake ndiyo iliyomshuhudia mbele ya ndugu wa baba yake, mzee Infadoos.

Nawaomba wazazi waangalie hapa. Ignosi alikulia ugenini, akajifunza kusema kama Wazulu, akatumikia Wazungu, wala hakuna shule iliyomfundisha kwao ni wapi. Mama alimwambia. Alama ya nyoka peke yake ingalikuwa chale tu mwilini kama mama angalinyamaza. Wako watoto wetu mijini ambao hawajui jina la babu yao, wala mfereji upi unywesha kihamba chao. Na wakati wa mazishi huletwa mlimani wakisimama kando kama wageni. Kosa hili si la watoto.

Wengine walidhani ya kuwa kumfanya mtu Mkristo ni kumtoa katika ukoo. Mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri, aliyefanya kazi Moshi ya Kale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka mwaka 1938, alifundisha kinyume: kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amevifunga, na kanisa lijengwe juu yake. Wenzake wengine walimpinga, wakisema kwamba injili humwita mtu mmoja mmoja. Sitaamua hapa kati yao. Lakini katika kitabu hiki Ignosi angesimama pamoja na Gutmann.

Nao Wazungu wale watatu waliingiaje katika nchi ile? Kwa uongo. Walisema wametoka katika nyota. Uso wa Bwana Good ulionyolewa upande mmoja, kioo cha jicho lake na meno yake yatokayo na kurudi, vyote vilifanywa ushahidi wa uongo ule. Baadaye walitabiri kupatwa kwa jua, wakiwa wameona katika kalenda, wakajifanya kuwa ndio waliolizima. (Haggard aliandika kwamba mwezi ulikuwa mpevu siku ya pili yake tu, jambo lisilowezekana, katika chapa za baadaye akabadili, akaandika kupatwa kwa mwezi. Walimu wa hesabu watapenda kujua.) Watoto hucheka sana hapa. Wacheke, lakini waulizwe pia: mtu aliyekuja na haki mkononi, ya nini kujiita mtu wa nyota?

Maana haki walikuwa nayo. Nchi ya Twala ilijaa kuvumbua wachawi: kikongwe Gagool alipita kati ya watu, amgusaye huuawa papo hapo, na usiku mmoja waliuawa zaidi ya mia. Ignosi alipoomba msaada wao wa vita, Bwana Henry alitaka ahadi moja: akipata ufalme, kuvumbua wachawi kukome, wala mtu asiuawe bila hukumu. Ignosi akafikiri. Akasema kwamba desturi za watu weusi si kama za weupe, walakini ataahidi. Akapata ufalme baada ya vita kali.

Na huyu mfalme aliyekubali kuziacha damu zile ndiye asemaye, siku ya kuagana, maneno ambayo mwalimu yule ayaruka. Kwa ufupi asema hivi: hatakubali mfanya biashara aje na bunduki na pombe, wala hatakubali watu wa sala waje kuwatia watu hofu ya mauti, kuwachochea juu ya sheria ya mfalme, na kuwatengenezea njia Wazungu wengine wafuatao nyuma. Akija mmoja langoni, atarudishwa. Wakija mia, watasukumwa. Likija jeshi, atapigana. Marafiki zake watatu peke yao njia iko wazi kwao.

Je, ni maneno ya mpagani asiyejua asemalo? Na tuangalie mambo ya mlima wetu. Mapema mwaka ule ule 1885, Askofu James Hannington wa C.M.S. alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na wamisionari wa chama hicho wakaanza kukaa huko. Kabla mwaka haujafika mwisho, Mjerumani Karl Juhlke naye alikuwa amekuja kwa Rindi akafanya mkataba wa kuitia nchi chini ya Wajerumani. Rindi akafa mwaka 1891, akatawala mwanawe Meli. Mwaka 1892 watu wa Meli waliwashinda Wajerumani vitani. Wale wakawashitaki wamisionari wa Kiingereza kwamba wamempa Meli silaha, nao wakalazimika kuondoka, wakaenda Taveta. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi kwa nguvu wakamshinda Meli, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Moshi pamoja na watu wengine. Kitabu, sala, mkataba, bunduki na kamba vilipita njia moja, katika miaka 15 tu. Haggard hakuyajua haya alipoandika, lakini aliweka kinywani mwa Ignosi hofu ambayo Mangi ye yote mwenye macho angaliweza kuwa nayo.

Basi mtoto wa Kikristo asifichwe hayo. Ataambiwa na wengine huko nje, tena bila upendo. Afadhali ayasikie kwa mwalimu wake, ambaye aweza kumwambia na sehemu ya pili. Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, akapokewa na Mangi Masaki, silaha yake ilikuwa mwavuli. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, na miche ya kahawa waliyoipanda ni katika ile ya kwanza ya mlima huu. Tena waliofundisha katekisimu nyumba kwa nyumba, kutoka Kilema kuja Kirua na kwingineko, wengi wao walikuwa Waafrika, ambao hawakumtengenezea njia mtawala wa ng'ambo. Walikuwa wakirudi kwao jioni kukata majani ya ng'ombe.

Kwa neno lile la kuchochea watu juu ya sheria ya mfalme, nina jibu moja kwa Ignosi. Yeye mwenyewe ameahidi kwamba sheria ya Gagool imekufa. Nani ataiangalia isifufuke? Marafiki wameondoka na almasi mifukoni. Mfalme azeeka, mtoto wake huenda akawa kama Twala. Sheria ya kutokumwua mtu bila hukumu yataka watu wengi walioishika mioyoni mwao, hata mfalme ajapoisahau. Katika nchi yetu ya Tanzania, miaka mingi baada ya uhuru wa mwaka 1961, wazee wa kike wameuawa mikoa ya magharibi kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ijapokuwa sheria ya serikali yakataza. Ignosi angaliwafukuza watu wa sala. Sijui angaliweka nani mahali pao.

Liko jambo moja ambalo simsamehi mtungaji, nalo ni habari ya Foulata. Msichana huyu, aliyeokolewa asiuawe siku ya ngoma, alimwuguza Bwana Good usiku na mchana baada ya vita. Akafuatana nao mpaka mashimoni, akapigwa kisu na Gagool alipomzuia asitoroke. Akifa, mtungaji amtia kinywani maneno ya kwamba afurahi kufa, kwa kuwa jua haliwezi kuoana na giza. Na Quatermain aongeza kwamba kufa kwake kuliondoa matata. Kwetu Ruwa ni jua, na ndilo jina ambalo wazee walimwita Mungu, nasi Wakristo tukalipokea katika sala. Mtu aliyelelewa akisema Ruwa hawezi kukubali kwamba jua lina kabila. Mwalimu asiuruke ukurasa huu nao, bali asimame hapo, awaulize wasichana wa darasa wasemeje.

Neno la Mfalme Sulemani mwenyewe halina haja ya kukawia. Wazungu wa siku zile walidhani ya kwamba barabara na majengo makubwa ya mawe katika Afrika ya Kusini yalikuwa kazi ya wageni wa zamani, labda watu wa Ofiri waliotajwa katika kitabu cha Wafalme. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba Zimbabwe Kuu wakaona kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1929 ndio mwaka ule ule ambao watoto wetu waliwekewa mikononi hadithi ya Sulemani kwa Kiswahili.

Nao wale ndugu wawili walionana. Bwana Henry hakumkuta George mashimoni. Alimkuta njiani wakati wa kurudi, alipokwisha kukata tamaa, katika kibanda kidogo chini ya mti penye maji, amevaa ngozi, mwenye ndevu nyingi na kilema cha mguu. Kitabu hakiandiki maneno ya kuombana radhi. Kinaandika tu kwamba ugomvi wao, wo wote uliokuwa, ulionekana umesahauliwa.

Atakaye kujua habari ya Harry, yule mwanafunzi wa udaktari, na atafute kitabu cha pili, "Hadithi ya Allan Quatermain," kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1887 na kwa Kiswahili mwaka 1934. Kitabu hicho chaanza na maziko yake. Harry aliambukizwa ndui akiwauguza wagonjwa hospitalini, akafa. Baba yake akashindwa kukaa Uingereza katika nyumba ile aliyoinunua kwa almasi; akawaita rafiki zake wawili, wakapanda meli kuja Afrika, na mahali waliposhuka ni pwani yetu hii, Lamu.